Jalada la Shamba: Lugha na Ufundishaji wa Utafiti wa Sheria chini ya Milima ya Uluguru

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua shule ya serikali za mitaa Mzumbe, kusini-magharibi mwa mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Waliokusudiwa kusoma hapo walikuwa machifu, watumishi wa serikali za wenyeji na madiwani. Baada ya uhuru mlango ulipanuliwa. Wakaingia maofisa wa serikali kuu, maofisa wa maendeleo vijijini na, jambo linalohusu zaidi mhadhara huu, mahakimu wa mahakama za mitaa. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na Chuo cha Utawala kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikapatikana Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi walikijua kwa herufi zake tatu, IDM. Mwaka 2001 kikapandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Hivyo mahali ambapo zamani hakimu wa kijijini alifundishwa kuandika mwenendo wa shauri, sasa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sheria anafundishwa namna ya kutafiti.

Historia ya utafiti wa sheria nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kuanzia Dar es Salaam, na hilo lina sababu zake. Ikisimuliwa kutokea Mzumbe, hata hivyo, hujitokeza jambo ambalo masimulizi ya Dar es Salaam huliacha pembeni. Hakimu yule wa kijijini aliandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi huyu wa uzamili hufundishwa kwa Kiingereza, husoma kwa Kiingereza, na tasnifu yake huiandika kwa Kiingereza. Kati ya kalamu hizo mbili yamo majalada ya mashauri ya ardhi ya Uluguru, na swali linalostahili kuulizwa na wanasheria pamoja na wanaisimu ni hili: mbinu za utafiti zinazofundishwa zimemwandaa msomi kuyasoma majalada hayo, au zimemwandaa kuyaruka?

Inafaa kwanza kueleza ardhi inayobishaniwa. Milima ya Uluguru inainuka hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huulisha mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam. Upande wa mashariki, kuelekea Kinole na Matombo, hustawi migomba, mananasi na viungo. Upande wa Mgeta baridi huruhusu mboga ambazo kwa miongo mingi zimepelekwa kwenye masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Miteremko ni mikali na mashamba ni madogo, kwa hiyo kila kipande kina thamani.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtu huhesabiwa katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi ya ukoo ni ya wanaukoo, wanawake kwa wanaume. Mwanamume akifa, wenye haki na shamba la ukoo wake ni ndugu zake wa upande wa mama na wapwa wake, watoto wa dada zake. Watoto aliowazaa yeye ni wa ukoo mwingine. Hata hivyo maisha hayakai ndani ya kanuni hiyo. Watoto hulima shamba la baba yao, mke hulima katika ardhi ya ukoo wa mume, na wageni hukaribishwa. Hapo ndipo ilipo ngoto, kitu kidogo ambacho mlimaji asiye wa ukoo humpa mwenye ardhi. Thamani yake sokoni si kitu. Kazi yake ni kukiri ardhi ile ni ya nani. Aidha mti na udongo ni vitu viwili: aliyepanda mti aweza kuwa na haki juu ya mti wake ilhali udongo uliouotesha ni wa watu wengine. Tena jina la mkuu wa ukoo hurithiwa. Kingalu wa Kinole si mtu mmoja aliyeishi muda mrefu kupita kiasi, kama msomaji wa haraka wa nyaraka anavyoweza kudhani, bali ni safu ya watu waliopokezana jina na madaraka kwa vizazi.

Haya yote yalijulikana kwa wenyeji, na kwa sehemu yalijulikana kwa watawala. Hayakuulizwa tu pale yalipohitajika kuulizwa. Miaka ya mwanzo ya 1950, karibu na wakati uleule shule ya Mzumbe ilipofunguliwa, serikali iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo, polisi wakaitwa, na mpango ukaachwa. Roland Young, mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali Tanganyika, waliutolea mkasa huo kitabu mwaka 1960. Sababu zilikuwa nyingi: uzito wa kazi yenyewe, udongo usio na rutuba uliofukuliwa kutoka chini, na siasa za wakati ule. Lakini miongoni mwake kulikuwa na wasiwasi wa kisheria. Tuta la ngazi ni kazi ya kudumu. Mtu aliyeazimwa shamba akilichimba matuta kwa amri ya serikali, kesho atasema nini juu ya shamba hilo, na mwenye ardhi atamjibu nini? Wataalamu waliokuwapo walikuwa wa udongo na kilimo, na udongo waliupima vizuri.

Serikali hiyo ilikuwa pia na njia yake ya kutafiti sheria za mila, na mtu aliyehusishwa nayo zaidi ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Pamoja na Hartnoll alitoa mwaka 1945 kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya, na mwaka 1953 akatoa chake juu ya Wasukuma. Mbinu yake ilikuwa kuwakusanya wazee na wakuu, kuwauliza kanuni moja baada ya nyingine, na walipokubaliana kuiandika kwa namba kama kifungu. Ni mbinu yenye faida: ni ya haraka, na matokeo yake hutumika mahakamani kwa urahisi. Upungufu wake ni kwamba mzee akiulizwa kanuni hujibu kanuni, na mara nyingi hujibu kwa namna inayoupendelea upande wake. Ugomvi wa jana baina ya mpwa na mtoto wa marehemu haumo katika jibu hilo.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa, baada ya uhuru, jaribio la kuunganisha sheria za mila kwa nchi nzima. Mwaka 1963 yalitoka Tangazo la Serikali Na. 279, lililohusu mahari, ndoa, talaka na hali ya watoto, na Tangazo Na. 436, lililohusu ulinzi wa watoto, urithi na wosia. Kwa mwanaisimu matangazo haya yana uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu zake hutajwa mahakamani hadi leo kwa vichwa vya Kiswahili: Sheria za Urithi, Sheria za Wosia. Hapo Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya kanuni yenye nguvu ya dola, miaka mingi kabla ya mjadala wa sasa kuhusu lugha ya sheria. Lakini kanuni zenyewe zilitungwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba. Kanuni ya 20 ya Sheria za Urithi inamruhusu mwanamke kurithi, ila ardhi ya ukoo aitumie tu maisha yake bila kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka kwa Wahaya, aliona kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Hukumu hiyo husomwa katika vitivo vyote vya sheria nchini, na inastahili.

Kwa mwanafunzi anayetoka darasani kwenda Matombo, hata hivyo, hukumu hiyo inaweza kuwa mtego. Akiibeba pamoja na Tangazo Na. 436 kama ndizo picha kamili ya “sheria za mila za Tanzania”, atafika Uluguru akitafuta mwanamke asiyerithi ardhi ya ukoo. Atamkuta mwanamke ambaye ardhi ya ukoo ni yake kwa kuzaliwa, na ambaye hatari yake ni nyingine kabisa: kwamba baraza au mahakama, kwa kuzoea kanuni za ukoo wa baba, itawapa watoto wa kaka yake shamba ambalo kaka huyo alilishika kwa niaba ya ukoo. Mbinu ya utafiti, katika mfano huu, inaweza kumnyima mtu shamba.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu hicho. Mkuu wake wa kwanza alikuwa A. B. Weston, na miongoni mwa walimu wa miaka ile ya mwanzo alikuwamo William Twining, aliyewahi kusoma Chicago chini ya Karl Llewellyn. Hili si jambo dogo. Mwaka 1941 Llewellyn na mwanaanthropolojia Hoebel walikuwa wametoa kitabu juu ya Wacheyenne wa Marekani, wakishikilia kwamba sheria ya jamii isiyo na maandishi itafutwe katika mashauri ya ugomvi halisi: nani aligombana na nani, kwa jambo gani, na lilimalizwaje. Ukiiweka mbinu hiyo kando ya ile ya Cory, tofauti inaonekana mara moja. Cory aliuliza kanuni. Llewellyn aliuliza kisa. Mwaka 1964 Twining alichapisha mihadhara yake kuhusu nafasi ya sheria za mila katika mifumo ya kitaifa ya Afrika Mashariki, na suala la namna ya kuzijua sheria hizo likawa suala la darasani.

Mwaka huohuo, 1964, Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyopitishwa mwaka 1963 ilianza kutumika. Mahakama za wenyeji, ambazo tangu mwaka 1929 zilikuwa chini ya maofisa tawala, ziliingizwa katika mfumo mmoja wa mahakama: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, na Mahakama Kuu. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ikawa Kiswahili. Utemi na uchifu ulikuwa umekwisha kufutwa mwaka 1963, na aliyeketi barazani badala ya chifu alikuwa hakimu, pembeni yake washauri wa mahakama. Kwa miaka karibu arobaini iliyofuata, mashauri ya mashamba ya Uluguru yaliandikwa kwa mkono na watu wa aina hiyo, katika mfumo mmoja: madai, SM1, SM2, maswali ya mdaiwa, SU1, ziara ya mahakama shambani, maoni ya washauri, hukumu. Hakuna mkusanyo mwingine wa maelezo ya Waluguru kuhusu ardhi yao unaokaribia huo kwa wingi. Nao umeandikwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1968 kituo cha utafiti wa sheria cha kitivo cha Dar es Salaam kilitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili iliyoandaliwa na Weston. Ni heshima kwa mwanasheria huyo kwamba aliiona kazi hiyo kuwa sehemu ya utafiti wa sheria. Orodha za namna hii, tangu ile ya Weston hadi zilizofuata, zina tabia moja: hukusanya nomino. Mdai, mdaiwa, rufaa, wosia, dhamana, hati. Migogoro ya Uluguru, kinyume chake, mara nyingi husimama au kuanguka kwa kitenzi.

Chukua mfano wa kubuni, wa aina inayoweza kutokea katika mahakama yoyote ya milimani. SM1 anasema: “Shamba hili baba yake mdaiwa alipewa na mjomba wangu.” Neno alipewa halisemi kama alipewa awe nalo au alipewa alime. Kiswahili hakilazimishi tofauti hiyo. Mtu hupewa zawadi, na mtu huyohuyo hupewa jembe la kutumia hadi jioni. Shahidi wa pili atasema alionyeshwa shamba, wa tatu kwamba aliachiwa, wa nne kwamba alikaribishwa. Huenda wote wanne wanaeleza tendo lilelile, na huenda wote walilisema kwanza kwa Kiluguru kabla ya hakimu kulitafutia neno. Mahakama za juu zimeshika mara nyingi kwamba mtu aliyealikwa katika ardhi hageuki kuwa mmiliki kwa kukaa muda mrefu. Wakati huohuo kanuni za mwaka 1964 za ukomo wa muda kwa madai ya kimila zinatoa miaka 12 kwa anayedai ardhi. Hivyo aliyekaribishwa miaka 30 iliyopita hana ardhi, na aliyepewa miaka 30 iliyopita hawezi kuguswa. Ukweli wa shauri umo katika kauli ya kutendwa ya kitenzi kimoja.

Ngoto nayo hupatwa na jambo kama hilo. Ikiandikwa kodi, mlimaji anakuwa mpangaji, na asipolipa msimu miwili mitatu swali linakuwa la deni. Ikiandikwa zawadi, inapoteza maana yake yote, maana zawadi haikiri kitu. Ikiachwa ngoto, hakimu wa rufaa asiyetoka Uluguru hajui ni nini. Lipo pia tatizo la wakati. Kwa kuwa mrithi wa jina la ukoo huingia katika nafasi ya aliyemtangulia, si ajabu shahidi akazungumzia jambo la kabla ya kuzaliwa kwake kana kwamba alikuwapo. Kwa kipimo cha sheria ya ushahidi huo ni uvumi, au uongo. Mtafiti mwenye kujua desturi ya kurithi majina atasita kabla ya kumwita shahidi huyo mwongo.

Hatua inayofuata ni ya rufaa, na hapo Kiingereza kinaingia. Mjomba, baba mkubwa na baba mdogo wote huweza kuitwa uncle. Katika jamii nyingi upotevu huo ni wa kuvumilika. Uluguru unafuta shauri zima, kwa kuwa mjomba ni wa ukoo wako na baba mdogo si wa ukoo wako. Aliyepewa shamba na wa kwanza ana hoja ya urithi, aliyepewa na wa pili ana hoja ya kukaribishwa tu. Mpwa naye huwa nephew, sawasawa na mtoto wa kaka. Jaji aliyekulia nchini huujua mjomba vizuri kabisa, na tatizo halimo katika ujuzi wake. Limo katika ukurasa unaobaki baada yake, ambao ndio mwanafunzi wa uzamili atausoma miaka 40 baadaye.

Wanaanthropolojia wa sheria walikwisha kubishana juu ya jambo la karibu na hili. Max Gluckman, katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya Walozi, aliona dhana za sheria za Kiingereza zinaweza kutumika kuieleza sheria ya Kiafrika iwapo zitatumiwa kwa uangalifu. Paul Bohannan, akiandika mwaka 1957 juu ya Wativ wa Nigeria, alisisitiza dhana za wenyewe zibaki katika lugha yao. Mjadala huo hufundishwa kama kwamba lugha ni mbili tu, ya mtafiti na ya mtafitiwa. Uluguru zipo tatu, na ile ya katikati, Kiswahili, si ya mgeni wala si ya ukoo. Ni lugha ambayo wahusika wenyewe wameichagua au kuzoezwa kuibeba kesi yao ndani yake. Nadharia ya Gluckman haina nafasi yake, na ya Bohannan pia haina. Ni pengo ambalo wataalamu wa Kiswahili wangeweza kulijaza tangu zamani, na inashangaza kidogo kwamba wamewaachia wanasheria.

Wachache walioyasoma majalada walipata mengi. Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, aliweka mashauri ya mahakama za Wachaga katika moyo wa kitabu chake cha mwaka 1986. Kwa Uluguru, Jan Kees van Donge alichapisha mwaka 1993 makala mbili juu ya migogoro ya ardhi, hasa ya Mgeta. Alionesha kwamba matokeo ya mashauri yalikuwa magumu kutabirika, na kwamba wagomvi walihama kutoka chombo kimoja hadi kingine huku kila kimoja kikiwa na namna yake ya kulitazama shauri. Kazi hiyo ni ya thamani. Inaacha, hata hivyo, nafasi ya kuuliza kama sehemu ya kutotabirika huko haikuwa ya lugha: kama hakimu wa kwanza na wa pili hawakutofautiana juu ya sheria, bali juu ya maana ya neno alipewa katika jalada lilelile.

Wakati huohuo nyenzo za mwanafunzi wa sheria zilikuwa zikikua upande mwingine. Kuanzia mwaka 1967 muhtasari wa maamuzi ya Mahakama Kuu ulitolewa kutoka kitivo cha Dar es Salaam, na uliokoa maamuzi mengi ambayo yasingechapishwa popote. Baadaye zikaja ripoti za sheria za Tanzania, na katika miaka ya karibuni hazina ya maamuzi ya mahakama kwenye intaneti, TanzLII, ambamo mwanafunzi aliye Mzumbe hupata kwa dakika moja hukumu ambayo mwalimu wake aliifuata Dar es Salaam kwa basi. Nyenzo zote hizo kwa sehemu kubwa ni za mahakama za juu na za Kiingereza. Kadiri zinavyokuwa bora, ndivyo jalada la Mahakama ya Mwanzo linavyozidi kuonekana kuwa kitu ambacho utafiti unaweza kukamilika bila hicho. Mpango wa kawaida wa tasnifu unasaidia kulizika: tatizo la utafiti, dhana tete, mapitio ya maandiko, kisha mwanafunzi achague kati ya utafiti wa maktabani na utafiti wa uwandani. Jalada halimo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Ni maandishi, lakini halimo maktabani. Liko uwandani, lakini halihojiwi kwa dodoso.

Mabadiliko ya mwaka 2002 yaliongeza jambo ambalo halijatazamwa vya kutosha. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi iliziondolea Mahakama za Mwanzo mashauri ya ardhi na kuyapeleka katika mabaraza: ya kijiji, ya kata, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la wilaya liliweza kusikiliza shauri kwa Kiswahili, lakini sheria ilitaka kumbukumbu na hukumu ziwe kwa Kiingereza. Washauri waliruhusiwa kutoa maoni yao kwa Kiswahili. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka 18, ushahidi ambao kabla ya hapo ungeandikwa kwa maneno yaliyo karibu na ya shahidi uliandikwa kwa lugha ambayo shahidi hakuitamka. Katika majalada ya kipindi hicho mtafiti hawezi tena kujua kama shahidi alisema alipewa, alikaribishwa au alionyeshwa. Maoni ya washauri, pale yalipoandikwa kwa Kiswahili, ndiyo mabaki. Majalada ya kabla yake, ya kuanzia mwaka 1964, yamepata umuhimu ambao hayakuwa nao yalipoandikwa. Nayo ni karatasi, katika wilaya yenye mvua nyingi.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama na mabaraza, Kiingereza kikiruhusiwa kwa masharti. Mwaka huo pia mabaraza ya kata yalibakiziwa usuluhishi tu, na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kikafunguliwa Morogoro pamoja na Mahakama Kuu ndani yake, hata majalada ya rufaa hayana haja tena ya kusafiri kwenda Dar es Salaam. Wengi wameyapokea marekebisho ya lugha kama suala la tafsiri ya sheria zilizopo, na kazi hiyo ni kubwa kweli. Lakini kuandika hukumu kwa Kiswahili hakumlazimishi mtu kuuliza alipewa maana yake nini. Huenda hata kukamfanya asiulize, kwa kuwa neno linaonekana kueleweka, ilhali mfasiri wa kwenda Kiingereza alilazimika angalau kuchagua.

Kwa darasa la mbinu za utafiti kazi iliyopo inaweza kuelezwa kwa udogo. Mwanafunzi achukue shauri moja la ardhi lililoanzia Mgeta au Matombo kabla ya mwaka 2003 na kufika Mahakama Kuu. Asome hukumu ya rufaa. Kisha, kwa kibali cha mahakama na bila kutaja majina ya wahusika, asome mwenendo wa Mahakama ya Mwanzo, na aorodheshe kila kitenzi kilichotumika kueleza namna shamba lilivyopita kutoka mkono hadi mkono, nani alikitumia, na jaji alikigeuza kuwa nini. Akimaliza apande na orodha hiyo kwa wazee wa kiume na wa kike wa koo husika, asiwaulize kanuni, awaulize maneno. Kazi hiyo inahitaji mwanasheria mmoja, mwanaisimu mmoja, na mtu anayejua Kiluguru. Chuo Kikuu Mzumbe kiko chini ya milima hiyohiyo, na basi la Mgeta hupita karibu nacho.